Kamsomee Mzee

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sikatai. Wanafunzi wangu wananiita Mwalimu Mabano, kwa sababu mtu akifungua mabano kwenye programu yake akasahau kuyafunga, nafoka mpaka wapita njia wanageuka. Ila siku ile, mbele ya wanafunzi haohao, nilibaki mdomo wazi na sauti sina.

Kazi yangu ni kuwasaidia watu wazima wanaoanza kuandika programu za kompyuta. Sisemi wataalamu. Nasema msusi ambaye saluni yake iko mkabala na mlango wangu, dereva wa lori aliyeshushwa barabarani na maumivu ya mgongo, na wengine wa aina hiyo, watu wanaoshika kipanya kwa uoga kana kwamba kitawauma. Matatizo yao ni madogo: kujumlisha namba, kutafuta iliyo kubwa kuliko zote, kumwita mteja kwa jina lake. Lakini mtu mzima akikwama kwenye jambo dogo huona aibu kuliko mtoto, na akishaona aibu huanza kuitukana mashine.

Darasa ni sebule yangu. Meza moja ndefu, kompyuta kuukuu zilizopangwa mgongo kwa mgongo, feni inayokoroma juu ya vichwa vyetu. Kule mwisho, nyuma ya kabati, kuna kona yenye dirisha. Kwenye kona hiyo, katika kiti cha magurudumu, alikuwa anakaa Baba.

Baba alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Maisha yake yote alisoma vitabu vya watu kabla havijachapwa, akiwinda makosa. Kisha kiharusi kikamkuta asubuhi moja akifunga vifungo vya shati. Kikachukua miguu, kikachukua mkono wa kulia, kikachukua na ulimi. Daktari alisimama mbele yake akatuambia mimi na kaka yangu, "Msijipe matumaini sana. Sidhani kama anafuata kinachoendelea. Mkiona kidole cha mkono wa kushoto kinarukaruka, msishtuke, ni misuli tu." Tukaitikia kwa vichwa, tukarudi nyumbani na maneno hayo.

Basi nikamtunza. Kumlisha, kumwogesha, kumgeuza usiku. Mwanzoni nilikuwa nazungumza naye, halafu nikajiona kama mwehu anayeongea peke yake, nikaacha. Nikawa namlisha huku nimechomeka spika masikioni, nasikiliza masomo mapya, maana kazi hii yetu kila mwaka inageuka na ukizubaa wanafunzi wako watakuuliza jambo usilolijua. Tatizo likawa kile kidole. Kinagonga mkono wa kiti, ule wa chuma, ti, ti, ti, mpaka kinaniingilia katikati ya somo. Nikakunja taulo dogo, nikaliweka chini ya kiganja chake. Kimya. Nikajiona nimetatua tatizo.

Kilichokuwa kikinishangaza ni kwamba kila darasa likiisha nililikuta taulo limewekwa dirishani. Nilidhani linaanguka, na mtu mwenye adabu zake analiokota.

Sasa niwaeleze mbinu yangu, maana mambo yote yalitokea humo. Mimi sijibu swali la mwanafunzi mpaka kwanza amsomee mtu programu yake kwa sauti, mstari kwa mstari, kwa maneno ya kawaida. Hapa naiambia ifanye hivi, hapa naiambia irudie vile. Ukieleza namna hiyo, kosa ambalo macho yako yamelipita siku nzima linajitokeza lenyewe. Waandishi wengi wa programu hufanya hivyo, wengine wana kikaragosi mezani, wanakieleza hicho. Wanafunzi wangu walikataa katakata. "Mwalimu, mume wangu akinikuta naongea na birika, ndoa imekwisha," Msusi aliniambia. Nikamjibu kwa hasira, "Basi kamsomee Mzee pale! Atakuonyesha kosa lako!"

Nilikuwa natania, jamani. Nani asingejua kwamba natania?

Msusi akaenda kweli. Akarudi anacheka, kosa amelipata. Akaenda Dereva, naye akarudi amelipata. Toka hapo ikawa ndiyo sheria ya darasa: ukikwama, kamsomee Mzee. Tukaweka na stuli ya plastiki mbele ya kiti chake. Sheria ya pili niliitunga kwa ajili yangu mwenyewe: mtu akiwa kwenye stuli, mimi sisogei kule. Mwalimu ukisogea tu, mwanafunzi anaacha kueleza, anaanza kukukodolea macho akitafuta jibu usoni kwako. Kwa hiyo nilibaki upande wangu wa kabati, feni ikimeza sauti ndogondogo za kule, kichwa kimenivimba kwa jinsi mbinu yangu inavyofanya kazi.

Kitu kimoja tu kiliniudhi. Kila aliyekaa kwenye stuli alianza na "Shikamoo, Mzee." Nikawa napaza sauti kutoka huku, "Msipoteze muda, nani atawaitikia marahaba?" Wakawa wananyamaza kidogo, kisha kesho yake wanasalimia tena.

Siku yenyewe Kaka alipiga simu asubuhi. Ndiye mkubwa wetu, tuko wawili tu. Anauza vipuri vya magari, na hata akikutakia usiku mwema utadhani anakuuzia betri. "Nakuja na gari mchana huu," akasema. "Kila kitu tayari. Mfungie nguo zake."

Alikuwa amepata nyumba ya kutunzia wagonjwa, mbali, safari ya kutwa nzima, mahali wanapopelekwa watu wasiojitambua. Ukishampeleka mtu kule, unakwenda kumtazama ukipata nafasi, na mimi na Kaka tulijua vizuri kwamba nafasi hatutaipata. Tulikuwa tumelizungumza jambo hilo tangu mwezi uliopita, tumekaa palepale konani, vikombe vya chai mkononi, Baba katikati yetu. "Amekwisha huyu," Kaka alisema. "Hapa umebaki mwili tu." Sikumpinga. Nilikuwa nimechoka. Na ile kona ya dirisha, niseme lililokuwa moyoni, nilishaipigia hesabu ya meza nyingine na kompyuta zake.

Nikafunga begi, nikaliweka mlangoni, nikaanza somo kama kawaida na wanafunzi wawili waliofika, Msusi na Dereva.

Msusi siku hiyo alikuwa na programu ya saluni yake. Unaiambia wateja ni wangapi, inamwita mmoja baada ya mwingine. Akaiwasha. Skrini ikajaa: Mteja wa 1, karibu. Mteja wa 1, karibu. Mteja wa 1, karibu. Haikomi.

"Huyo mteja wa kwanza ana vichwa vingapi?" Dereva akamtania. "Msuke aondoke, wenzake wanangoja!"

"Hebu nyamaza wewe, programu yako ya jana ilisema lori limebeba chini ya sifuri."

Nikapiga meza. "Msusi! Sheria inasemaje?"

"Kamsomee Mzee," akajibu. Akaipiga picha skrini kwa simu yake, akainuka kwenda konani.

"Mtumie vizuri leo," nikasema, "maana ndiyo siku yake ya mwisho. Kaka yangu anakuja kumchukua. Kesho nitawaletea mwanasesere, mumsomee huyo."

Dereva aliondoa mikono kwenye kibodi. Msusi alisimama katikati ya sebule, simu mkononi.

"Anakwenda wapi?"

Nikaeleza, kwa kifupi, kama mtu anayeeleza habari za kuhamisha kabati.

"Atarudi lini?"

"Harudi."

Msusi akaishusha simu. "Mwalimu, sasa nani atatugongea?"

"Kuwagongea nini?"

"Kosa."

"Kosa gani? Sema sawasawa, mwenzangu, sina muda."

Wakatazamana yeye na Dereva. Kisha Dereva akaanza kuniambia polepole, kwa sauti ileile ninayoitumia mimi kuwaeleza wao. "Mwalimu, si tunamsomea Mzee? Tukifika kwenye mstari wenye kosa, anagonga kiti kwa kidole. Tunarudi pale, tunautazama ule mstari, tunalipata. Mimi peke yangu ningelipatia wapi? Kichwa hiki?"

"Na ulituambia mwenyewe," Msusi akadakia. "Ulisema kamsomee Mzee, atakuonyesha kosa lako. Sisi tulijua unajua."

Kilichotangulia mdomoni kilikuwa hasira. "Mnikome!" nikafoka. "Mnikome kabisa! Msifanye mzaha na ugonjwa wa baba yangu. Ile ni misuli. Daktari amesema ni misuli!"

"Misuli gani inayojua kwamba mabano hayajafungwa?" Dereva akauliza. Hakuwa akitania tena.

Nikavunja sheria yangu, nikalizunguka kabati.

Baba alikuwa anatazama nje. Msusi alinipita, akakaa kwenye stuli, akasema, "Shikamoo, Mzee." Kisha akalitoa taulo chini ya mkono wa Baba akalitupia dirishani, bila hata kulitazama, jinsi mtu anavyovua viatu mlangoni kwake. Kumbe ni wao. Siku zote hizo ni wao waliokuwa wakilitoa, na mimi ndiye niliyekuwa nikilirudisha.

"Naiuliza wateja ni wangapi," Msusi akaanza kusoma kwenye simu. Kidole kimetulia. "Naiambia hesabu ianze na moja." Kimetulia. "Naiambia irudie mpaka hesabu ipite idadi ya wateja. Naiambia iseme, mteja wa hesabu hiyo, karibu." Kimya. "Halafu nafunga mzunguko, ile sehemu ya kurudia inaishia hapo."

Ti.

"Hapo," Msusi akasema, akaisogeza simu karibu na macho. "Alaa! Sijaiambia iongeze hesabu! Itaacha kusema moja saa ngapi? Asante, Mzee."

Niliona, nilisikia, na bado nilikataa. Mtu wa kazi yangu haamini kitu kwa sababu kimefanya kazi mara moja. Labda Msusi alilegeza sauti pale. Labda ni bahati tu. Nikawaamuru wote wawili warudi upande wa pili wa kabati. Sikukaa kwenye stuli, nilisimama tu, nikaanza kusema programu ya wastani wa namba, ile ya wiki ya kwanza, ambayo kila mwanafunzi wangu amepita hapo kuisoma. Nikaisema kwa sauti iliyonyooka, bila kupanda wala kushuka.

"Jumla iwe sifuri. Rudia kwa kila namba. Pokea namba. Iongeze kwenye jumla. Funga mzunguko. Gawa jumla kwa idadi ya namba. Andika jibu."

Hakuna kitu. Kidole kimelala. Niliwahi kuona aibu maishani lakini si kama ile, maana nilihisi nafuu. Nilitamani kidole kile kibaki kimelala. Ikiwa ni misuli, basi sina deni la kumtazama machoni.

Nikaisema tena, sauti ileile. "Rudia kwa kila namba. Jumla iwe sifuri."

Ti.

Nimeiweka sifuri ndani ya mzunguko. Kila namba ikiingia, jumla inafutwa inaanza upya. Ni kosa ambalo wanafunzi wangu wote hulifanya, na mimi huwafokea wote. Nikarudia nikalihamisha kosa mahali pengine, nikagawa kabla ya kujumlisha. Ti, palepale. Kumbe masomo yangu yote yalikuwa yakimfikia pale konani.

Mama yangu weee.

Hapo ndipo ilinijia picha ya utotoni, wakati ilipaswa kunijia zamani sana. Kule kiwandani walikuwa wanafanya kazi wawiliwawili. Mmoja anasoma kwa sauti, mwenzake anafuata kwenye karatasi, na penye kosa anagonga meza. Baba alikuwa mgongaji. Na nyumbani alitufanyia hivyohivyo mimi na Kaka. Tunamsomea kazi za shule, yeye ametupa mgongo anaosha vyombo, na mahali tulipokosea anagonga beseni kwa kidole. Hasemi kosa ni nini. Unarudi, unalitafuta mwenyewe. Mbinu ambayo nimeringa nayo miaka yote, nikidhani nimejifunza kwa wataalamu, nilikuwa nimekulia ndani yake.

Na akili ikishafunguka haijui kukuonea huruma. Nikakumbuka siku ile Kaka aliposema "amekwisha huyu." Kidole kilikuwa kinagonga juu ya taulo. Hakitoi sauti, lakini kinagonga, kinagonga, kinagonga. Nilikiona. Nilinyoosha mkono, nikalikunja taulo tena liwe nene zaidi, kisha nikamalizia chai yangu.

Gari likapiga honi nje.

Kaka aliingia na funguo zake kidoleni, akaliona begi, akafurahi. "Safi! Tumbebe haraka, njia ni ndefu." Kisha akaniona nilivyo. "Una nini wewe? Umeona jini?"

"Kaka, Baba anasikia."

"Acha mambo yako."

"Anasikia. Anajua kila kitu. Anagonga, Kaka, kama zamani kwenye beseni."

Uso wake ulibadilika kidogo aliposikia neno beseni, kisha akaukaza. "Umechoka, mdogo wangu. Mtu akichoka anaona mengi. Daktari alisema ni misuli, na wewe ulikuwepo."

"Msomee kitu basi."

"Nimsomee nini? Mimi na kompyuta wapi na wapi?"

"Mwambie chochote, bosi," Dereva akasema, amesimama kando ya kabati. Wao nao walikuwa wamesogea, na sikuwa na nguvu za kuwafukuza. "Changanya kweli na uongo. Penye uongo atagonga."

Kaka akacheka cheko la dukani. Akasimama mbele ya Baba, anachezesha funguo. "Haya. Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza." Kimya. "Mnaona? Hamna kitu."

"Kwa sababu ni kweli, Kaka!"

"Mimi nauza vipuri." Kimya. "Mke wangu ni mwalimu wa chekechea." Kimya. Akaanza kuchoka na mchezo. "Mtihani wa kumaliza shule nilifaulu mara ya kwanza."

Ti.

Dereva alicheka kabla hajajizuia. Kisha akaona sura ya Kaka, akaacha. Kwa sababu Kaka ameusimulia mtihani ule kwenye harusi yake, kwa watoto wake, kwa wateja wake, na kwangu mimi tangu nikiwa mdogo, kila nilipopata alama mbaya. Mimi niliuamini mpaka dakika ile. Nikamtazama.

"Nilifeli," akasema, sauti imekwenda chini kabisa. "Baba alikwenda kuniombea nirudie. Akaniambia hatamwambia mtu, hata mama." Akazitazama funguo mkononi kama anauliza zimefikaje hapo. "Hakuna mwingine anayejua. Hakuna."

Funguo zikamponyoka. Hakuziokota. Akachuchumaa mbele ya kiti, mtu mzima na kitambi chake, akaishika miguu ya Baba.

"Baba hajitambui," akasema.

Ti.

"Baba yuko radhi kwenda kule."

Ti. Ti. Ti. Kidole hakikusimama. Kiligonga chuma mfululizo, haraka, mpaka Msusi akaziba mdomo kwa kanga na Dereva akageukia ukutani. Kaka alikuwa analia kwa sauti. "Nilisema amekwisha," akawa anarudia. "Nimekaa hapa, mbele yake, nikasema amekwisha. Baba, nisamehe. Baba, huendi popote." Hapo ndipo kidole kikatulia.

Akainuka akijipangusa kwa mkono wa shati, akaenda mlangoni, akalichukua lile begi, akalirudisha chumbani. Nilimsikia anafungua droo na kupanga nguo mwenyewe, yeye ambaye hata soksi zake hupangiwa.

Nikabaki mimi na Baba. Wale wawili walikuwa nyuma ya kabati. Moyoni nilikuwa nataka kitu kimoja. Kaka alikuja mara moja kwa mwezi, akasema aliyoyasema, akagongewa kama alivyostahili. Mimi si Kaka. Mimi nimekesha. Nilitaka Baba aniambie hivyo, tena mbele za watu, kwa njia pekee aliyobaki nayo. Nikasimama mbele yake.

"Baba," nikasema, "mimi nimekutunza vizuri."

Ti.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikakitazama kidole. Kilikuwa kimekwisha kurudi mahali pake, kinangoja.

Sikujua nifanye nini, nikafanya ninachowafundisha wengine. Nikavuta ile stuli ya plastiki. Sikuwahi kuikalia hata siku moja. Ukiikalia, uso wa Baba unakuwa sawasawa na wako, na anayatazama macho yako, hatazami dirisha. Nikaanza kutoka mstari wa kwanza.

"Nimekulisha kila siku."

Kimya.

"Nimekuogesha."

Kimya.

"Nimekugeuza usiku usipate vidonda. Nimekufulia. Nimekununulia dawa, hazijakosekana."

Kimya, kimya, kimya. Nikaanza kupata nguvu, nikasema lililofuata bila kulifikiria.

"Nimezungumza nawe."

Ti.

Hakugonga kwa hasira. Aligonga mara moja, taratibu, kama alivyogonga beseni zamani: rudi hapo, utazame. Nikarudi. Niliziona siku zote zile, kijiko mkononi, spika masikioni, midomo yangu ikirudia maneno ya mwalimu wa mbali asiyenijua. Wasusi na madereva walimwamkia baba yangu kila siku ndani ya nyumba yangu, na mimi nikawa nawakemea wasipoteze muda.

Machozi yaliniziba macho, lakini kosa nilikuwa nimeliona. Nikasogeza stuli mpaka magoti yetu yakagusana.

"Shikamoo, Baba," nikasema.

Nikakitazama kidole. Hakikugonga.